Feni Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Sista Mkuu ametaka madereva tuandike kila hitilafu ya gari kwenye daftari la kituo chetu cha afya. Hilo nimelijaza: "Feni ya ndani ya mbele inafanya kazi namba nne tu." Basi. Daftari hili ni langu mwenyewe, la mambo ambayo Sista hana kazi nayo.

Mvua imeanza leo. Nimewashusha wagonjwa wangu watatu wa figo hadi hospitali ya mjini, saa mbili za mteremko na kona, wakaunganishwa na mashine za kusafisha damu, nikawasubiri, nikawapandisha tena. Jumatatu na Alhamisi, huu mwaka wa tatu. Mwalimu mstaafu hukaa mbele pamoja nami kwa sababu magoti yake hayakunjiki. Seremala hukaa katikati na maboksi ya dawa. Mama Pacha hukaa kiti cha nyuma kabisa ili ajinyooshe, maana akitoka kwenye mashine huwa hoi kama nguo iliyokamuliwa.

Gari ni lile kubwa la viti saba, tunaliita Jumba. Ukiweka feni namba moja, mbili, tatu, kimya. Ukiweka nne inavuma kama inataka kupaa.

"Kama jirani yangu," Seremala akasema. "Ama hasemi kabisa, ama mtaa mzima unasikia."

Mwalimu hakucheka. Mwalimu huwa hacheki. Alilalamikia upepo, akalalamikia kona, akalalamikia redio.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka amelitazama Jumba. Kaka ndiye fundi umeme wa magari ya kituo, na mimi ndiye niliyempendekeza kwa Sista. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, nina miaka kumi na saba, yeye amekaa pembeni anatafuna karanga kana kwamba hakuna cha kuogopa duniani.

Anasema kuna kijidude kinachogawa nguvu za feni kwa namba ndogo, kimeungua. Namba nne haipitii humo, ndiyo maana imebaki. "Tumia nne, mdogo wangu, mpaka kije kingine."

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Namba nne.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Namba nne. Mwalimu anasema miguu yake imelowa. Kweli zulia la upande wake lina maji. Nikamwambia ni mwavuli wake. Akasema mwavuli wake ameuacha nyumbani. Nikaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nusura niue watu wanne, nikiwemo mimi.

Tulikuwa tunapanda, saa kumi jioni, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Feni ikakata. Haikulia, haikukohoa, ilikata tu. Watu wasioendesha milimani hudhani feni ni ya starehe, ya joto na ya baridi. Kwetu feni ndiyo macho. Watu wanne waliolowa wanapumua ndani ya gari lililofungwa, na bila ule upepo kioo kinafumba kama jicho lenye ugonjwa. Feni ya nyuma ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, inampulizia Mama Pacha peke yake.

Nilifuta kioo kwa mkono wa sweta. Kikafumba. Nikafuta tena. Nilishusha dirisha nikatoa kichwa nje, mvua ikanipiga machoni. Nikarudi ndani, nikafuta.

"Binti, simama!" Mwalimu akapiga kelele.

Nilikanyaga breki kabla sijaelewa. Mbele yetu palikuwa na lori limeharibika, limeachwa barabarani bila taa wala jani la kuonya. Ningeweza kuligusa kwa mkono kutoka kwenye boneti.

Halafu Mwalimu akasema, "Nilisema tangu asubuhi hili gari si zima." Badala ya kumshukuru, nilimchukia. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 21 Machi

Kaka ameufungua upande wa Mwalimu, chini ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi, ambako ndiko feni inakokaa. Maji matupu. Majani yameziba njia ya maji chini ya waipa, kwa hiyo mvua yote ya kioo ilikuwa inashukia kwenye mota ya feni. Mota imekuwa nzito, inavuta umeme mwingi, fyuzi ikakata. Ameondoa majani, amekausha, ameweka fyuzi mpya. Mota nyingine imeagizwa, wiki kadhaa.

"Si tulisimamishe gari mpaka ije?" nikamuuliza.

"Na wagonjwa waende na nini? Ungo?"

Nilicheka. Kaka akisema, mimi huitikia.

Alhamisi, 3 Aprili

Fyuzi imekata tena, palepale kwenye ukungu. Nimeendesha saa nzima madirisha yote wazi. Mama Pacha alikuwa anatetemeka ndani ya sweta langu na koti la Seremala, meno yanagongana mpaka nayasikia mbele. Nilipofika kituoni mikono yangu ilikataa kuchomoa ufunguo. Nilikaa nao hivyo, nautazama.

Ijumaa, 4 Aprili

Kaka amelishughulikia. "Haitakata tena," akasema huku anajifuta mikono. Sikuuliza amefanyaje.

Jumatatu, 7 Aprili

Namba nne kwenda na kurudi. Kioo kikavu kama sahani. Niliimba.

Alhamisi, 10 Aprili

Mwalimu anasema miguu yake inaungua.

"Mwalimu," Seremala akasema, "mwezi uliopita miguu ilikuwa inazama, sasa inaungua. Hebu amua, tujue tulete boti au ndoo."

Tulicheka wote, hata Mama Pacha kule nyuma. Nikamweleza Mwalimu, kwa sauti ya kidaktari, kwamba wagonjwa wa figo wengi huhisi moto nyayoni, ni mishipa tu.

"Naijua miguu yangu," akasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Tena anasema inaungua. Mimi nimesikia harufu, kama beseni la plastiki lililosogezwa karibu na jiko. Palikuwa na lori mbele yetu linashuka kwa breki. Nimeamua ni lile lori.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tena miguu. Sikumjibu.

Ijumaa, 25 Aprili

Honi ilikuwa hailii. Nikafungua kisanduku cha fyuzi niitazame mwenyewe. Fyuzi ya honi ilikuwa imelegea, nikaibana, ikalia. Kisha nikasoma kifuniko, nikatafuta mahali pa feni.

Hapana fyuzi ya kukata umeme ukizidi. Pana kipande cha waya, kimekunjwa vizuri na kuchomekwa pande zote mbili. Kazi safi. Nimeijua kwa usafi wake kwamba ni mkono wa Kaka.

Nilimkuta karakana, amelala chini ya gari la mtu.

"Kaka, kwenye feni umeweka waya."

"Umekuwa fundi siku hizi?"

"Nauliza tu."

"Fyuzi ilikuwa inakuacha kwenye ukungu, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Imekuacha tena tangu nilipoweka?"

"Hapana."

"Basi endesha. Mota ikija nitarudisha fyuzi. Au unataka nimwambie Sista gari halifai, wale watu wakose mashine, wavimbe wafe?"

Nilirudi nyumbani na jibu hilo. Linatosha mchana. Usiku limekuwa dogo.

Jumatatu, 28 Aprili

Mwalimu hakulalamika. Alikuwa ameisogeza miguu upande wa mlango, ameyabana yale magoti yasiyokunjika, uso umemkaza kwa maumivu. Harufu ipo. Leo hapakuwa na lori. Nilifungua dirisha kidogo, nikasema kuna joto.

Alhamisi, 1 Mei

Nimeogopa njia nzima. Hakuna kilichotokea. Daftari la kituo nimeandika: "Gari zima."

Jumanne, 6 Mei

Sijui nianzie wapi. Mkono wa kulia una bandeji, naandika taratibu.

Jana tulitoka mjini saa tisa. Mvua kubwa, ukungu, madirisha yamefungwa, namba nne. Mama Pacha amelala nyuma. Seremala alikuwa anatusimulia kuhusu mteja aliyeagiza kitanda kisha akagundua hakipiti mlangoni. Tulikuwa kwenye ile kona ndefu yenye ukingo wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwalimu akasema, kwa sauti ya chini sana, "Binti, moshi."

Ulikuwa unatoka kwenye matundu ya upepo. Mwembamba, mweupe. Nilidhani ni ukungu umeingia. Kisha ukawa wa kijivu, ukawa mweusi, na feni ikawa inautupa usoni mwetu kwa nguvu zote. Nikazungusha swichi kwenye sifuri. Haikuzima. Nilizungusha tena na tena. Nyaya zilikuwa zimeshayeyuka na kushikana, feni haikuwa na bwana tena.

Nilisimamisha, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini. Feni ikanyamaza. Na hapohapo nikajua nimekosea kitu: madirisha ya Jumba ni ya umeme. Nilibonyeza, hayakushuka. Chini ya miguu ya Mwalimu palikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa.

Mlango wangu ulifunguka. Nilizunguka mbele ya gari, nikaanguka, nikainuka, nikamfungulia Mwalimu. Suruali yake ilikuwa inafuka chini. Nilimkumbatia kifuani nikamvuta kama gunia, akaangukia juu yangu kwenye maji. Hakulia. Alisema tu, "Wengine. Wengine."

Milango ya katikati imefungwa kile kitasa cha watoto, haifunguki kwa ndani. Nilimwona Seremala anapiga kioo kwa kiganja, mdomo unafunguka, sauti siisikii. Nikafungua. Moshi ukatoka mbele yake. Nilimshika begani nimtoe, akanisukuma. "Mama yumo!"

Kumtoa mtu kiti cha nyuma kabisa ni lazima kiti cha kati kikunjwe. Kuna mkono wa kuvuta. Niliuvuta, maboksi ya dawa yalikuwa yamebana, kiti hakikwenda. Mama Pacha alikuwa anakohoa kule gizani, halafu akaacha kukohoa. Hicho ndicho nilichokisikia usiku kucha, ile kuacha kukohoa.

Seremala akarudi ndani. Alijitupa juu ya mgongo wa kiti, akamshika Mama Pacha kwapani, akamvuta juu kwa mikono yote miwili. Mikono yote miwili. Mkono wake wa kushoto ndio wenye ule mshipa uliotengenezwa hospitali kwa ajili ya sindano za mashine, na sindano zilikuwa zimetolewa saa moja tu iliyopita. Haruhusiwi kubeba hata ndoo. Anajua. Alimvuta mpaka nilipomfikia miguu, tukamtoa wote wawili, tukamburura mpaka kwenye ukingo wa mawe.

Jumba likawaka nyuma yetu. Mvua yote ile haikulizima.

Mama Pacha alitapika, akavuta pumzi, akaanza kulia. Nikasema asante Mungu kwa sauti. Ndipo nikaona Seremala amekaa chini, anautazama mkono wake kwa mshangao. Bandeji ilikuwa imetoka. Damu haikuwa inachuruzika, ilikuwa inaruka, kama maji ya bomba lililopasuka.

Nilibana kwa kidole gumba. Ikapita. Nikabana kwa magoti na viganja vyote viwili. "Usiachie," Mwalimu akaniambia. Alikuwa amejivuta mpaka kwetu kwa viwiko. "Hata akija malaika, usiachie." Akavua shati, akalikunja, akaliweka chini ya viganja vyangu, akaanza kunihesabia pumzi kwa sauti ileile ya darasani. Moja, mbili, tatu. Kila nikitaka kulegea anasema, "Rudia."

Seremala alijaribu kufanya utani. Alisema, "Dada, leo nauli sikulipi." Kisha macho yakamgeuka.

Lori la mbao lilitukuta baada ya nusu saa hivi. Dereva wake ndiye aliyetubeba kuturudisha mjini, mimi juu ya mkono wa Seremala njia nzima. Hospitali walilazimika kunibandua vidole kimoja kimoja.

Wote wako hai. Naandika tena nilione: wote wako hai.

Jumatano, 7 Mei

Kaka amekuja. Amenikumbatia, amelia, kweli amelia. Kisha akafunga mlango.

"Sista atakutaka uandike maelezo. Jumba limeungua lote, hapana cha kuonekana. Andika fyuzi ilikuwepo."

"Kaka."

"Nina watoto wanne. Unataka nifungwe?"

Nikamfungulia mlango.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda hospitali. Seremala amewekewa mpira shingoni wa kupitishia damu, kwa sababu ule mshipa wa mkono umekufa. Watajaribu mkono wa pili, ule anaoshikia randa. Alikuwa amelala.

Mwalimu ana bandeji mpaka magotini. Nilikaa. Nikamwambia, "Ulisema mara tatu miguu inaungua. Niliziandika nyumbani."

"Mara nne," akasema. "Ile ya nne sikuitamka. Nilijua mtanicheka."

Nililia mbele ya wodi nzima. Hakunibembeleza. Alinisogezea tu boksi lake la karatasi laini, akageukia dirishani. Miaka mitatu nimembeba mtu huyu na kumwita mlalamishi, kumbe ndiye pekee kati yetu aliyekuwa akisema alichokiona.

Ijumaa, 9 Mei

Sista anataka maelezo Jumatatu asubuhi. Sijaandika. Simu ya Kaka mara sita.

Jumamosi, 10 Mei

Sijaandika.

Jumapili, 11 Mei

Nimeandika. Kurasa mbili. Waya, tarehe niliyouona, harufu, "gari zima" niliyoiandika kwa mkono wangu. Kuhusu Kaka nikaongeza: huenda hakujua hatari yake.

Sikutaka aisikie kwa Sista. Mchana nikaenda karakana, nikamkuta peke yake, nikamsomea yote nimesimama. Sijawahi kumpinga hata kwenye chumvi ya mchuzi.

Nilidhani atanipiga.

"Hapo kwenye 'huenda hakujua,'" akasema. "Futa. Nilijua."

Nikafuta.

"Umeandika magari mangapi?"

"Moja. Jumba."

Akajishika kichwa. "Andika mawili."

Mwanzoni sikumwelewa. Kituo kina gari jingine kubwa kama Jumba, mtu na pacha wake, linabeba wajawazito kwenda kujifungua mjini, tunaliita gari la wazazi. Feni yake nayo ilikuwa inakata fyuzi. Aliitengeneza Aprili ileile, kwa waya vilevile.

"Kaka, lile gari liko barabarani sasa hivi. Nimepishana nalo getini. Lina mjamzito na mama mkwe wake."

Nilimpigia dereva wake. Inaita, haipokelewi. Dereva wa wazazi ni mtu wa sheria, hapokei simu akiendesha, na siku zote tulimsifu kwa hilo. Nikapiga. Nikapiga. Kaka alikuwa ameshawasha pikipiki, amebeba koleo na mtungi wa kuzimia moto wa karakana, anaondoka mvuani bila kofia. Nilipiga mara kumi na tisa. Ya ishirini akapokea.

"Kuna nini? Nimeegesha, mama anataka kujisaidia."

"Feni iko namba ngapi?"

"Nne. Ndiyo pekee inayo…"

"Zima gari. Washushe wote. Usirudi ndani, hata kuchukua mzigo. Washushe!"

Nilisikia mlango, nikasikia mvua, nikasikia mwanamke mtu mzima anauliza kwa ukali kwa nini mkwewe analoweshwa. Kisha dereva akarudi hewani, sauti imebadilika. "Dada. Nimepitisha mkono chini ya dashibodi. Pa moto kama pasi."

Kaka aliwafikia baada ya dakika arobaini. Aliung'oa ule waya kwa koleo, akaiona plagi ya feni imegeuka rangi ya kahawia, nusu yake imeyeyuka. Mjamzito na mama mkwe wake walichukuliwa na gari la abiria. Mtoto amezaliwa jioni, wa kike.

Jumatatu, 12 Mei

Tumeingia kwa Sista pamoja. Kaka alisoma maelezo yake mwenyewe. Polisi waliitwa, akaenda nao akitembea, hakushikwa mkono. Mimi nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekatika. Nimekwenda kituoni kurudisha funguo na kitambulisho. Dereva wa wazazi alikuwa uani na lile gari, limewekewa mota mpya na fyuzi, fundi mwingine.

Nilimsalimia. Akaitikia. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Jumba liliungua Jumatatu, siyo?"

"Jumatatu, tarehe tano."

"Na mimi ulinipigia Jumapili."

"Jumapili."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Jumanne, aliyeshikwa uchungu kabla ya wakati. Alhamisi, wale wawili. Ijumaa, yule binti wa shule. Jumapili.

"Nimeshuka mara nne na ule waya," akasema.

Nilisimama pale nikisubiri aendelee, aseme lolote analotaka kuniambia. Akachukua ndoo na kitambaa, akaenda kuosha gari.